Kufufua injini ya Landrova ya zamani bila kuuliwa na spea za bei poa

Injini ya petroli ya Landrova, ile ya ujazo wa cc 2,286 iliyoanza kufungwa mwaka 1958 pamoja na toleo la Series II, haina mbwembwe. Bloku ya chuma, hedi ya chuma, silinda nne, kabureta moja. Ndiyo maana mpaka leo ukiikuta imelala bandani, kuku wanataga juu ya siti, mara nyingi bado inafufulika. Kinachoiua mara ya pili siyo uzee wake. Ni boksi la spea tunalomletea fundi.

Series III za mwisho zilitoka kiwandani Solihull mwaka 1985. Spea zilizotengenezwa enzi hizo zimebaki chache, na zinazouzwa leo, iwe Gerezani Dar, iwe Kirinyaga Road Nairobi au kwa kuagiza nje, zinatoka viwanda vingi vya India, China, Uturuki na Uingereza yenyewe. Kuna viwanda vya India na Uturuki vinavyotoa kitu safi kabisa. Na kuna boksi lenye bendera ya Uingereza ambalo ndani yake ni takataka. Kwa hiyo sitakuambia usinunue cha bei poa. Mimi mwenyewe nanunua. Ninachosema ni kwamba ujue mapema spea ipi ikifeli inaondoka na injini nzima, na usifunge kitu ambacho hujakipima kwa mkono wako.

Hatua ya 1: Jua una injini gani hasa

Usianze na duka. Anza na namba ya injini, iliyogongwa kwenye bloku upande wa mbele, karibu na manifodi ya eksozi. Gari limepita mikononi mwa watu wangapi, hujui. Bodi ya mwaka 1969 inaweza kuwa na injini ya 1982.

Tofauti kubwa iko chini. Injini za mpaka 1980 zina beringi za meni tatu, zile zinazoshika krenki (shafti kubwa inayozungushwa na pistoni), za baada ya hapo zina tano. Krenki si moja, seti ya beringi si moja. Ukifungua sampu, lile beseni la oili chini ya injini, na kuzihesabu umemaliza ubishi. Halafu kuna ndugu yake wa dizeli mwenye ujazo uleule wa lita 2.25. Muuzaji akisikia "Landrova tuu pointi faivu" anaweza kukupa gasketi ya hedi ya dizeli kwa nia njema kabisa.

Jambo lingine ni nyuzi za bolti. Hizi injini ni za inchi. Bolti ya 5/16 ina unene wa mm 7.94, na M8, bolti ya milimita, ni mm 8. Ukiichukua M8 kwa sababu "zinafanana", itaingia raundi moja au mbili kisha itakaza. Hapo fundi asiye na subira anaongeza urefu wa spana, na nyuzi za bloku zinaliwa. Nenda na bolti ya zamani mfukoni, ilinganishe dukani nati kwa nati.

Hatua ya 2: Pasua, pima, andika, ndipo ununue

Watu wengi wananunua seti nzima ya ovahoo kabla injini haijapasuliwa, kwa sababu iko kwenye punguzo. Hapo umeshajifunga. Pistoni zinakuja za saizi ya kawaida au kubwa zaidi kwa inchi 0.010, 0.020, 0.030 au 0.040. Beringi nazo zinafuata krenki ilivyosagwa: kumi, ishirini, thelathini. Mpaka silinda na shingo za krenki zipimwe kwa maikromita, hakuna anayejua unahitaji saizi ipi.

Pima kila shingo ya krenki sehemu mbili, pande mbili zinazokatana, maana krenki iliyochoka huwa siyo duara tena bali yai. Pima silinda juu, katikati na chini. Silinda ya saizi ya kawaida ni mm 90.47. Andika yote kwenye daftari. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari, na injini ni mali.

Jambo moja ambalo mafundi wengi wanalifanya kinyume: usimpelekee mkerezaji, fundi wa kuchonga chuma kwa mashine, bloku kabla ya kuwa na pistoni mkononi. Mpelekee vyote viwili, umwambie achonge kila silinda kwa kufuata pistoni yake. Pistoni za bei poa zinazoandikwa saizi moja kwenye boksi zinaweza kupishana zenyewe kwa zenyewe. Ukichonga silinda nne kwa namba ya kitabuni halafu pistoni zikaja na vipimo vyao, moja itabana na nyingine itagonga.

Na usitupe spea ya zamani hata moja. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Utaihitaji kulinganisha dukani, na wakati mwingine, utaona mbele, utairudisha kazini.

Hatua ya 3: Gawa orodha yako kwa kuangalia madhara

Chukua karatasi, kila spea ijiulize swali moja: nikifeli, nini kinafuata?

Zinazoondoka na injini: beringi za meni na za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), bolti na nati za konrodi, pistoni, ringi, pampu ya oili, cheni ya taimingi na kikaza chake, viti vya valvu. Hapa ndipo pesa yako iende. Kama mfuko umebana, subiri mwezi mwingine. Bolti za konrodi hasa: tafuta zenye asili inayojulikana, na kama hazipatikani, za zamani zilizokaguliwa vizuri na zisizovutika ni bora kuliko mpya zisizo na baba.

Zinazokulaza njiani: kondensa, rota na platini za umeme wa plagi, pampu ya petroli, thermostati, mipira ya maji. Hizi zinakera ila haziui, isipokuwa thermostati, ambayo ikigoma kufunguka injini inachemka na hedi inapinda.

Zinazokuchafua tu: gasketi ya kava la valvu, gasketi ya sampu na takataka za aina hiyo. Hapa nunua cha bei poa bila aibu. Oili ikidondoka tone moja kwenye Landrova wenyewe wanasema ni dalili kwamba bado ipo.

Hatua ya 4: Dukani

Muuzaji atakuambia, "Bosi, hii ni orijino kabisa, chukua." Usibishane naye, wala usimwite mwongo, mara nyingi na yeye kauziwa hivyohivyo. Muombe tu ufungue boksi. Akikataa lisifunguliwe, ondoka.

Ukishafungua, angalia alama zilizogongwa kwenye chuma chenyewe, siyo zilizochapwa kwenye karatasi. Beringi za heshima zina jina au nembo ya mtengenezaji, namba ya spea na saizi mgongoni, zimegongwa au kuchapwa kwa mashine. Isiyo na chochote mgongoni, au yenye saizi iliyoandikwa kwa kalamu, iache. Majina makubwa ya zamani kama Vandervell, Glacier na Lucas bado yana mvuto, lakini jina huuzwa na kukodishwa. Jina la mwaka 1965 kwenye boksi la leo halithibitishi kwamba ni kiwanda kilekile. Ukikuta spea ya zamani iliyolala dukani miaka mingi, karatasi yake ya nta imekuwa ya njano, hiyo ni bahati, ilimradi ni chuma. Ya mpira iliyolala miaka thelathini usiiguse.

Omba risiti iliyoandikwa jina la spea na namba yake. Tanzania bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, Kenya kuna mamlaka yake iliyotokana na sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia. Bila risiti huna pa kuanzia malalamiko.

Hatua ya 5: Mezani, kabla chochote hakijafungwa

Hii ndiyo hatua inayookoa injini, na ndiyo inayorukwa.

Anza na beringi za konrodi. Nafasi ya oili kati ya beringi na shingo ya krenki ni ndogo kuliko unywele. Kanuni ya kukadiria ni elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya unene wa shingo, na shingo za konrodi za injini hii zina kama mm 58.7, kwa hiyo unazungumzia takriban mm 0.05 hadi 0.06. Sasa chukua nusu beringi mbili za boksi moja, zipime unene katikati kwa maikromita yenye ncha ya mviringo. Tuseme moja inasoma mm 1.98 na nyingine 2.02. Kwa macho ni pacha. Lakini hiyo tofauti ya mm 0.04 imekula karibu nafasi yote ya oili upande mmoja wa shingo. Injini itawaka vizuri, itapendeza, na siku ya kwanza ya kupanda mlima na mzigo itaanza kunoki.

Baada ya unene, angalia mbano. Nusu beringi ikikaa kwenye kiti chake lazima midomo yake ichomoze kidogo sana juu ya chuma, ili kifuniko kikifungwa ikamatwe isizunguke. Funga kifuniko kwa toki (nguvu ya kukazia) sahihi bila krenki ndani, kisha legeza nati ya upande mmoja tu. Upande huo utafunguka upenyo mdogo unaopimika kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya. Usipofunguka kabisa, beringi haijakamatwa, na beringi isiyokamatwa siku moja itazunguka na kuziba tundu la oili.

Mwisho funga na krenki ukitumia plastigeji, ule uzi laini unaobanwa kisha unapimwa upana wake kwenye karatasi yake. Usizungushe krenki wakati uzi uko ndani. Usomaji ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, shingo imesagwa kwa mshazari. Hiyo ni kesi ya mkerezaji, siyo ya beringi.

Pistoni: zipime kwenye sketi, upande unaokatana na pini. Kisha zipime uzito kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali, kila moja na pini yake. Gramu mbili tatu si neno. Zikipishana gramu kumi na tano, rudisha seti, usikubali kuambiwa "itajizoesha".

Ringi nazipenda kwa sababu hazijui kuficha. Ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kama sentimita mbili tatu chini. Pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji na ulinganishe na kitabu. Kwa silinda ya mm 90, mimi ringi ya kompresheni yenye mwanya chini ya mm 0.30 siifungi, naisugua kidogo kwa tupa mpaka ifike. Ringi ikipata joto inatanuka. Ncha zikigusana inavunjika na kuchana silinda. Halafu zima taa ya gereji, weka tochi chini ya silinda na uchungulie kutoka juu. Ringi nzuri inaonyesha giza duara zima, isipokuwa pale kwenye mwanya. Ringi mbovu inaonyesha mwezi mwandamo upande mmoja. Hapo ndipo kompresheni itakapovujia na oili itakapopandia. Nimeshaona seti ambayo ringi za silinda moja zilikuwa safi na za silinda ya jirani zote zina mwanga.

Tapeti za injini hii, zinazosukumwa na kamshafti ili valvu zifunguke, zina rola, hazisuguani bapa na kamshafti kama za Waingereza wengine, na hiyo imewaokoa wenye Landrova kwenye balaa la tapeti laini ambalo linawasumbua wenye MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza. Lakini rola mpya nayo ijaribu: pitisha tupa ndogo kali pembeni, mahali pasipofanya kazi. Kwenye chuma kilichokomazwa vizuri tupa inateleza. Ikishika na kutoa unga, hicho ni chuma cha misumari.

Pampu ya oili ifungue hata kama ni mpya. Nimekuta mabaki ya chuma ndani ya pampu iliyokuwa bado kwenye nailoni yake. Ioshe, ipake oili, ndipo ufunge.

Hatua ya 6: Hedi, gasketi na sili

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia Januari 2006. Ile risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu za eksozi kwenye hedi za chuma. Ukiwa umeshafungua hedi, weka viti vigumu, lakini hapa ubora wa kiti na ubora wa mkerezaji ni kitu kimoja: kiti kilichochongewa tundu legelege kitadondoka injini ikiwa ya moto, na kitakutana na pistoni. Muulize mkerezaji anaingiza kwa kubana kiasi gani. Asiye na namba ya kukutajia, mshukuru na uondoke na hedi yako.

Gasketi ya hedi ilaze kavu juu ya bloku kabla ya kitu kingine. Kila tundu la maji, la oili na la bolti lionekane kamili. Pete za chuma za silinda zisiingie ndani ya silinda hata kidogo, la sivyo zitawaka kama kaa na injini itaendelea kuzunguka hata umezima swichi.

Sili ya nyuma ya krenki ndiyo inayowatesa watu, kwa sababu ikivuja lazima giaboksi lishuke. Ikunje kidogo kwa vidole. Mpira mzuri unarudi wenyewe. Mbaya unabaki na mkunjo au unaonyesha nyufa nyeupe. Angalia kama kispringi chake kimo na hakijaunganishwa vibaya.

Filta ya oili ya aina ya kopo inakuja na pete za mpira zaidi ya moja ndani ya pakiti. Chagua inayolingana na ya zamani, na uhakikishe ya zamani imetoka kwenye mfereji wake. Pete mbili zikikaa pamoja, zitashika vizuri gereji, halafu zitaitema oili yote barabarani ndani ya dakika chache.

Thermostati ichemshe kwenye sufuria na kipimajoto. Ifunguke karibu na nyuzi zilizogongwa juu yake na ifunge ikipoa. Ni dakika kumi za kazi.

Hatua ya 7: Umeme wa plagi

Rota za bei poa zina ripiti inayoshika shaba juu, na plastiki kati ya ripiti na shafti ni nyembamba. Umeme wa koili ukichoka kutafuta plagi unapenya hapo na kuingia kwenye shafti. Injini inazima ikiwa ya moto, ikipoa inawaka, na fundi anabadilisha pampu ya petroli bure. Nunua rota isiyo na ripiti kama ipo.

Kondensa ipime kwa mita yenye kipimo cha kapasita. Inayofaa husoma takriban maikrofaradi 0.2. Ipime ya baridi, kisha ipashe moto kwa kikausha nywele na uipime tena. Namba ikiruka, itupe. Kama ile ya zamani kwenye ndoo inasoma vizuri baridi na moto, rudisha ya zamani. Kwa kondensa sina aibu kabisa: kuukuu iliyopimwa naiamini kuliko mpya iliyong'aa.

Platini mpya paka grisi kidogo pale kisigino kinapogusa shafti, weka mwanya wa mm 0.35 hadi 0.40, na uangalie tena baada ya kilomita 200. Kisigino laini kinaisha haraka, mwanya unafunga, gari linakosa nguvu polepole bila wewe kujua.

Hatua ya 8: Kuwasha na kuzoesha

Toa plagi zote, zungusha injini kwa stata mpaka geji ya oili ipande. Usiwashe kabla haijapanda. Ikishawaka na kupata moto, ukiwa barabarani kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa gia ya juu, presha inatakiwa iwe kati ya psi 35 na 65. Chini ya hapo kwa injini mpya, zima, usijipe moyo. Na usiiamini geji mpya ya bei poa peke yake. Azima nyingine ya kujaribia.

Bolti za hedi zifungwe kwa toki ya futi pauni 65, kwa hatua na kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje, kisha zirudiwe baada ya injini kupata moto na kupoa. Mwanya wa valvu zote, za kuingizia na za eksozi, ni mm 0.25.

Kilomita 800 za mwanzo usivute tela, usipande mlima kwa gia kubwa, na usikae mwendo mmoja muda mrefu. Zikifika, mwaga oili ikiwa ya moto kwenye beseni jeupe. Toa filta, ikate kwa kisu, ikunjue juu ya gazeti kwenye jua. Unga mweusi mzuri ni kawaida. Pitisha sumaku: vipande vinavyoshika ni chuma cha ringi, kamshafti au gia. Vipande vya kung'aa visivyoshika sumaku, vya rangi ya fedha au shaba, ni beringi zinaanza kubanduka, na hapo unashusha sampu siku hiyohiyo, hata kama injini inalia vizuri. Beringi ikionyesha chuma cha shaba kilichofunuka, badilisha seti nzima na upime shingo upya kabla hujafunga nyingine. Lebo za boksi zilizokuja nazo zibandike kwenye daftari kando ya vipimo, ili safari ijayo ujue ni namba ipi hutaiagiza tena.